Kabla Gauni Halijapigiwa Nyundo

Kwenye usharika nilikokulia, Jumapili ya mavuno haikumalizika kwa baraka ya mchungaji. Ilimalizikia nje, chini ya mwembe, mzee wa kanisa akiwa ameinua jogoo kwa miguu na kunadi hadi sauti inamkauka: elfu tano ya kwanza, elfu sita, nani anaongeza? Aliyeshinda alilipa papo hapo, halafu badala ya kuondoka na kuku wake akasema, "Namrudisha, auzwe tena." Jogoo mmoja aliweza kununuliwa mara nne kabla ya saa saba mchana, na mwisho wa yote akapelekwa kwa mama mchungaji kama zawadi. Hakuna aliyedanganyika kuhusu thamani ya kuku. Tulikuwa tunanunua paa la kanisa, na paa lenyewe lilikuwa pale pale mbele ya macho yetu, limeezekwa nusu, mabati mengine yakisubiri hela.

Jogoo yule hunijia akilini kila ninapoulizwa swali ambalo siku hizi linaulizwa na kamati nyingi za hisani. Mwimbaji fulani, au mwigizaji, au mrembo wa mashindano, amejitolea gauni alilovaa usiku wa tuzo. Kamati inataka kulinadi ili fedha ziende kwenye utafiti wa saratani, au selimundu, au figo. Swali lao ni moja: tuanzie bei gani? Huwa nawaambia hilo ni swali la tisa au la kumi, na wao wananitazama kama mtu anayewacheleweshea gari.

Gauni lina shida mbili ambazo jogoo hakuwa nazo. Jogoo hahitaji cheti cha kuthibitisha kuwa ni jogoo. Gauni la msanii likikosa uthibitisho ni gauni la mtumba lenye vimetameta. Tena paa la kanisa linaonekana, lakini utafiti wa tiba hauonekani, na mnunuzi hawezi kuinua macho akauona. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta dalali, tafuteni karatasi mbili. Moja ithibitishe usiku ule. Nyingine ionyeshe paa. Bei itajileta nyuma ya hizo.

Tazameni walivyofanya waliotutangulia. Tarehe 25 Juni 1997, mjini New York, kampuni ya Christie's ilinadi magauni 79 ya Diana, Binti Mfalme wa Wales. Wazo lilitoka kwa mwanawe, William, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 15. Zilipatikana takriban dola milioni 3.25 kwa ajili ya AIDS Crisis Trust na mfuko wa saratani wa hospitali ya Royal Marsden. Gauni lililoongoza lilikuwa la mahameli ya buluu iliyokolea, kazi ya fundi Victor Edelstein, ambalo Diana alilivaa Ikulu ya Marekani Novemba 1985 akacheza nalo dansi na John Travolta. Liliuzwa dola 222,500. Magauni mengine mengi ya siku ile, yaliyotoka kabati lile lile na kushonwa kwa ustadi ule ule, yaliondoka kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Tofauti haikuwa kitambaa. Ilikuwa picha ya dansi ambayo dunia nzima ilikuwa imeiona.

Miaka miwili baadaye, hapo hapo Christie's, gauni la Elizabeth Taylor la usiku wa Oscar wa 1970, lililobuniwa na Edith Head, lilinunuliwa dola 167,500 kwa manufaa ya amfAR, taasisi ya Marekani ya utafiti wa UKIMWI. Mnunuzi alikuwa Mattel, kampuni ya wanasesere. Nawaomba mshike mambo mawili hapo. La kwanza, aliyelitaka zaidi hakuwa mwanamke anayetafuta nguo ya kuvaa, ilikuwa kampuni yenye sababu zake. La pili, Taylor alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa amfAR mwaka 1985, wakati ambapo watu mashuhuri wengi hawakutaka hata kulitaja gonjwa lile. Hakuna aliyeuliza gauni hili na ugonjwa huu vinahusiana vipi. Msanii wenu akiwa na sababu yake ya kweli, kama mdogo wake aliyeugua au mama yake aliyetibiwa, hafla inakuwa na mzizi. Msimlazimishe kuisimulia jukwaani, lakini mwulizeni faraghani kwa nini amechagua kutoa.

Sasa karatasi ya kwanza. Mstari wake wa juu kabisa unajibu swali ambalo kamati nyingi huona aibu kuliuliza: gauni hili ni la nani? Februari 2015 Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alipita kwenye zulia jekundu la Oscar akiwa na gauni jeupe la Calvin Klein lililotiwa lulu 6,000. Siku tatu baadaye gauni likaibwa hotelini, kisha likaonekana tena humo humo hotelini. Kilichonivutia katika mkasa ule si mwizi. Ni kwamba watu wengi ndipo walipotambua kuwa nguo za usiku ule mara nyingi ni za kuazima: nyumba ya mitindo inamvika msanii, kesho yake nguo inarudi. Hata kwetu mambo ni hayo hayo. Mbunifu wa Kinondoni, Dar es Salaam, anamshonea msanii gauni la tuzo kwa makubaliano ya kutangaziwa jina, na msanii anaongea kana kwamba ni lake. Kamati ikilinadi bila mbunifu kujua, Jumatatu asubuhi mtakuwa mnajibu barua ya wakili.

Basi andikeni hati ya kutoa. Haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Mimi fulani, mwenye gauni hili, nimelivaa mahali fulani tarehe fulani, nalitoa kwa taasisi fulani linadiwe kwa ajili ya jambo hili, na naruhusu jina na picha yangu vitumike kulitangaza hadi siku ya mnada. Isainiwe na msanii mwenyewe, si meneja peke yake. Kama mbunifu ana haki yoyote, naye asaini. Halafu picha: ile nzuri iliyosambaa mitandaoni ni mali ya aliyeipiga. Mwombeni ruhusa na mtaje jina lake. Wapiga picha wetu wamezoea kudhulumiwa kiasi kwamba anayeomba hupewa kwa furaha.

Uthibitisho wenyewe ni kazi ya jicho. Chukueni picha za usiku wa tuzo, zikuzeni, mtafute alama ambayo gauni jingine haliwezi kuwa nayo: shanga iliyochomoka begani, mshono uliopinda, namna maua ya kitambaa yanavyokutana kiunoni. Kisha pigeni picha ya alama hiyo kwenye gauni mlilonalo, pamoja na lebo, zipu na mishono ya ndani. Kama msanii alikuwa na magauni mawili yanayofanana, moja la jukwaani na moja la akiba, semeni mnauza lipi. Gauni jeusi la Givenchy linalokumbukwa kwa Audrey Hepburn na filamu ya Breakfast at Tiffany's halikuwa moja tu duniani, na mnunuzi makini huuliza. Kumwambia ukweli kunagharimu kidogo. Akiugundua mwenyewe baadaye, mmekwisha.

Na jamani, msilipeleke kwa dobi! Kila kamati ina mtu mmoja mwenye nia njema anayetaka lifuliwe na kupigwa pasi "lisituaibishe". Doa la poda kwenye ukosi ni shahidi. Likifuliwa mmemfukuza shahidi. Vilevile asilijaribu mtu, hata mke wa mwenyekiti. Gauni alilovaa Marilyn Monroe mwaka 1962 kumwimbia Rais Kennedy lilinunuliwa dola milioni 4.8 mwaka 2016 na kampuni ya Ripley's. Mei 2022 Kim Kardashian alilivaa kwa dakika chache kupanda ngazi za hafla ya mitindo ya Met Gala, akabadilisha na kuvaa nakala, na bado watunzaji wa mavazi ya kihistoria walikasirika kana kwamba limechomwa moto. Kitambaa cha zamani hakina subira na mwili wa mtu mwingine.

Ninyi mlioko pwani mna adui wa ziada, unyevu. Msilifungie gauni kwenye mfuko wa plastiki, litashika ukungu. Lifunikeni kwa shuka jeupe la pamba lililofuliwa na kukauka vizuri, liwekwe chumba kisichopigwa na jua. Kama lina shanga nyingi msilitundike kwenye henga, uzito wake utachana mabega, lilazeni. Dawa ya nondo isiguse kitambaa. Anayelishika awe amenawa mikono na kuikausha, bila losheni wala mafuta ya nazi.

Karatasi ya pili ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa neno "utafiti" linatajwa kwenye mabango na watu wasiojua linakula nini. Kumlipia mtoto dawa ni matibabu, na ni jambo jema. Kufahamu kwa nini dawa hiyo inamsaidia huyu na inamshinda yule, hapo ndipo utafiti ulipo, na kazi hiyo haina mgonjwa mmoja wa kumpiga picha akitabasamu. Pale hospitali ya Muhimbili programu ya selimundu ilianza mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani, ambaye mwaka 2011 alipata tuzo ya Royal Society Pfizer kwa kazi hiyo. Msingi wake ulikuwa kuandikisha wagonjwa kwa maelfu na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka. Kufuatilia maana yake ni simu, nauli, daftari, sindano, sampuli za damu kwenye jokofu ambalo umeme wake haupaswi kukatika. Hakuna anayepiga makofi kwa ajili ya nauli. Ndiyo maana ninyi mnahitajika.

Mkitaka kumwonyesha mnunuzi paa, lipo, ila analala chini yake kila usiku bila kulifikiria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara, mahali ambapo maabara ya utafiti ilianzishwa na Waswisi mwaka 1956, walifuatilia matumizi ya vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa uhai wa watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Chandarua kilichoko kitandani kwako leo kina kazi ya namna hiyo nyuma yake, miaka ya watu kutembea nyumba kwa nyumba na karatasi mkononi. Mfano mmoja kama huo, ukisemwa na mtu anayeujua, una nguvu kuliko video ya dakika kumi yenye muziki wa huzuni.

Kwa hiyo nendeni kwenye taasisi mkiwa na swali dogo. Msiulize "mnahitaji nini?", mtapewa orodha ya mabilioni. Ulizeni: kwenye mradi ambao tayari una kibali cha maadili ya utafiti, kipande gani kinaweza kukamilishwa kwa milioni thelathini? Watawaambia: vitendanishi vya miezi sita, au ada na posho ya mwanafunzi mmoja wa uzamili, au nauli za wagonjwa kutoka wilayani, au jokofu la kuhifadhia sampuli. Chagueni kimoja. Andikeni jina la mradi, kipande mlichochagua, kiasi, na itakuwaje mkipata pungufu au mkivuka. Ulizeni pia taasisi inakata asilimia ngapi za usimamizi, kwa sababu nyingi hukata, na si wizi. Wizi ni kuficha. Fedha ziingie moja kwa moja akaunti ya taasisi au akaunti ya kamati yenye sahihi mbili. Namba ya simu ya mweka hazina, hata awe mzee wa kanisa, si akaunti.

Msiahidi dawa. "Gauni hili litaiponya saratani" ni sentensi ambayo mama mwenye mgonjwa nyumbani ataisikia kwa namna msiyoikusudia.

Jambo lingine niseme kwa ukali kidogo. Gharama za ukumbi, chakula na mapambo zisitoke kwenye gauni. Zitafutieni mfadhili wake, na mseme hadharani nani kalipia nini. Kamati inayotumia milioni arobaini kuandaa usiku wa kuuza gauni la milioni ishirini ingefanya vyema kukaa nyumbani na kutuma hundi.

Haya, bei. Gauni la Hepburn nililolitaja lilinadiwa London Desemba 2006 kwa ajili ya shirika la City of Joy Aid linalosaidia maskini India. Makadirio yalikuwa pauni 50,000 hadi 70,000. Nyundo ikagonga kwenye 410,000, na mnunuzi akalipa 467,200. Makadirio ya chini yaliwaleta watu wengi mezani, na walipokwisha kaa hawakutaka kuachiana. Kwa hiyo anzieni chini, hata kama moyo unauma, na muwe na bei ya siri ambayo chini yake hamuuzi, ikiwa kwenye bahasha aliyonayo dalali. Halafu tazameni ile tofauti ya pauni 57,200: ni ada ya kampuni ya mnada. Dalali wenu naye ana ada. Kubalianeni mapema kama ataisamehe, ataipunguza, au itaongezwa juu ya bei ya nyundo, na mtangaze. Awe dalali mwenye leseni; mshereheshaji wa harusi anaweza kuchekesha ukumbi mzima na bado akashindwa kuona mkono uliopanda meza ya nyuma.

Mnada unahitaji watu wawili. Mmoja mwenye fedha nyingi peke yake atalichukua gauni kwa bei ya kuanzia. Wiki tatu kabla, watafuteni watano wenye sababu: hoteli inayotaka kitu cha kuonyesha ukumbini, benki, duka kubwa la vitambaa, kikundi cha akina mama wenye mfuko wao, mashabiki waliochanga. Kumbukeni Mattel. Wapelekeeni nakala za karatasi zote mbili. Ila msipange mtu wenu wa kupandisha dau la uongo. Mji ni mdogo, na siku huyo mtu wenu atakaposhinda kwa bahati mbaya mtajua hamjui.

Wengine hawataweza gauni, nao wana mkono wa kutoa. Mwaka 1997 katalogi za magauni ya Diana nazo ziliuzwa kwa hisani. Sisi tuna kitu kizuri kuliko katalogi: doti ya kanga. Kanga ya hafla, yenye jina lake na rangi za gauni, mbunifu akiwa ameridhia, itanunuliwa na watu mia tatu wasiofika kwenye meza za mbele, na itavaliwa sokoni miaka mitano.

Usiku wenyewe, nadini kabla ya chakula. Mtafiti apewe dakika nne bila slaidi. Mgeni rasmi aombwe, kwa heshima zote, hotuba yake iwe baada ya mnada.

Sasa la ahadi. Niliwahi kuwa katibu wa kamati iliyonadi jezi ya mchezaji maarufu. Mshindi alishangiliwa ukumbi mzima, akapiga picha na mgeni rasmi, akaondoka na jezi begani. Fedha tulizifuata miezi saba, na kila tukipiga simu yuko kikaoni. Mwishowe tulipata theluthi. Tangu hapo nina masharti yangu na siyalegezi: kila anayetaka kutupa dau anajiandikisha mlangoni kwa kitambulisho na amana, anapewa kibao chenye namba, asiye na kibao, mkono wake ni wa kupungia marafiki. Mshindi anasaini fomu kabla hajarudi kwenye kiti. Gauni halitoki hadi benki ithibitishe. Picha na mfano wa hundi, hiyo inaweza kusubiri siku ya makabidhiano.

Kabla hajalichukua, kuna jambo moja la kuzungumza naye. Gauni la Diana la dansi na Travolta limeuzwa tena na tena tangu 1997. Mwaka 2019 Historic Royal Palaces, wanaotunza majumba ya kifalme, walilichukua kwa pauni 264,000. Mwaka 2023 gauni jingine la mnada ule ule liliuzwa Sotheby's kwa dola 604,800. Hospitali ya Royal Marsden ilikwisha kupata fungu lake mara ya kwanza. Yaliyofuata ni biashara ya watu, na ni haki yao. Kule hakuna anayesema "namrudisha" kama kwa jogoo wetu. Lakini kwenye fomu ya mshindi mnaweza kuweka mstari wa hiari: nikiliuza ndani ya miaka kumi, nitatoa sehemu fulani kwa mradi huu, na nitaliazima kwa maonyesho mara moja. Nimeona watu wakitia saini bila kusita, wakiwa bado na joto la ushindi.

Baada ya mwaka, mwombeni mtafiti ukurasa mmoja na picha ya kile kipande: jokofu likinguruma, mwanafunzi na daftari lake, bila sura ya mgonjwa yeyote. Nakala moja mpelekeeni mshindi, moja msanii, moja mbunifu. Na ya nne mpelekeeni yule aliyeshindwa kwa dau la mwisho. Namba yake ya simu mnayo kwenye fomu ya mlangoni, na ndiye mtu wa kwanza wa kumpigia mtakapopata gauni jingine.